Kaunta Buku, Bahasha Tano na Kibubu: Tathmini Baada ya Miezi Kumi na Miwili

Bidhaa ninazozitathmini hapa hazina tangazo redioni wala ukurasa wa Instagram. Ni kaunta buku ya kwaya tatu yenye jalada gumu, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 4,500. Bahasha tano za kaki, shilingi 200 kila moja. Na kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, ambacho fundi seremala wa mtaani kwetu Mbagala aliniuzia kwa shilingi 5,000 baada ya kuanzia 8,000. Jumla ni shilingi 10,500. Nimevitumia kuanzia Januari hadi Desemba kupangia mshahara wangu wa ualimu wa sekondari pamoja na kipato cha mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi na hupata kazi kwa vipindi. Havikuniongezea fedha hata senti moja, na sikuvinunua kwa matumaini hayo. Ninachotaka kueleza ni kiasi gani vimenipunguzia ule uzito wa moyo ambao kwa miaka mingi nilidhani ni tabia yangu ya kuzaliwa.

Hali ilikuwa hivi. Mwenye nyumba wetu hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo kawaida kwa wapangaji wengi wa Dar es Salaam. Kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, hiyo ni 900,000 kila Januari na kila Julai. Januari hiyohiyo ndiyo ya sare, viatu na madaftari ya watoto wawili, maana elimu bila ada haikuondoa haja ya mtoto kuvaa na kula awapo shuleni. Kwa hiyo kuanzia Oktoba nilikuwa nikiamka saa nane za usiku na kuanza kupiga hesabu kichwani, hesabu ambayo haikuwahi kufika mwisho, kwa kuwa kila nilipokaribia jibu nilikumbuka deni jingine nikaanza upya. Asubuhi niliamka nimechoka, bila jumla yoyote mkononi. Chakula kilikuwepo nyumbani na watoto walikwenda shule. Upungufu wetu haukuwa mkubwa kuliko wa majirani, ila mimi sikuujua ukubwa wake, na kitu kisichojulikana ukubwa wake huongezeka gizani.

Kaunta buku yenyewe ni bidhaa nzuri kwa bei yake, ingawa ina kasoro. Kwaya moja huhesabiwa kurasa 96, kwa hiyo kwaya tatu zilinipa kurasa 288, nyingi mno kuliko nilizohitaji, kwani nilitumia kurasa mbili zinazotazamana kwa kila juma na nyingine mbili kwa kila mwezi: kushoto niliandika ninachotarajia, kulia kilichotokea. Hadi Desemba nilikuwa nimetumia kurasa 128. Karatasi ni nyembamba, na wino wa kalamu ya jeli hupenya hadi upande wa pili, hivyo kalamu ya kawaida inafaa zaidi. Mshono wa katikati ulianza kulegea mwezi Septemba nikaubana kwa selotepu. Jalada, kwa upande wake, lilistahimili chai iliyomwagika mara mbili pamoja na mtoto aliyelifanya meza ya kukatia karatasi.

Ukurasa wa kwanza ulinifunza kuliko kurasa zote zilizofuata. Nilichukua hati ya mshahara nikanakili makato moja baada ya jingine: kodi ya mapato, asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo ndiyo inayouma. Nilipofika chini nikabaini kwamba kwa miaka sita nimekuwa nikipanga maisha kwa kutumia mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira, ambao haujawahi kuingia benki hata mwezi mmoja. Nilikuwa nikijilaumu kwa kutapanya fedha ambazo sikuwahi kuzishika. Niliona aibu, kisha nikacheka peke yangu mezani, na usiku huo nililala hadi adhana ya alfajiri. Sidai kwamba usiku wote uliofuata ulikuwa hivyo.

Haukuwa hivyo hata kidogo, na hapa mnunuzi anapaswa kutahadharishwa, kwa sababu wanaosifia bajeti huruka sehemu hii. Januari na Februari nilikuwa na wasiwasi zaidi ya awali. Kila jioni nilikaa na daftari kama mshitakiwa: chipsi mayai 3,000, bodaboda 2,000 kwa sababu nilichelewa kuamka, vitenge viwili vya mkopo kwa mwalimu mwenzangu. Mimi ni mwalimu, na kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu. Bila kufikiri nikaanza kujisahihisha. Pembeni ya chipsi niliandika "uzembe". Pembeni ya vitenge niliandika "umeshaonywa". Ilipofika katikati ya Februari nilikuwa nakwepa kulifungua daftari kwa siku tatu au nne mfululizo, kama mwanafunzi anayeficha ripoti yake ya muhula, na matumizi ya siku hizo nne yalikuwa makubwa kuliko ya juma zima lililotangulia.

Mwezi Machi nilibadilisha kalamu. Nilichukua ya bluu, nikajiwekea sharti moja kwamba upande wa kulia hauandikwi maoni yoyote, ni tarehe, kitu na kiasi tu. Badiliko hilo dogo ndilo lililoliokoa jaribio zima. Chipsi ikawa chipsi. Baada ya majuma machache niliona kwamba chipsi zilikuwa zikitokea Alhamisi, siku ambayo nina vipindi vingi na narudi nyumbani usiku, na jambo hilo halihitaji kemeo. Linahitaji maharage yaliyochemshwa Jumatano. Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walimaanisha mali ya mfanyabiashara, na naamini walimaanisha pia daftari lisilo na wino mwekundu.

Sehemu iliyogusa hisia zangu kuliko zote ni michango, na nadhani Mtanzania yeyote wa mjini ataelewa bila maelezo marefu. Kadi ya harusi huja na kiwango chake, sherehe ya kumuaga bibi harusi hutangulia na kiwango chake, kipaimara, arobaini, msiba wa jirani, kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja kidato cha nne. Kabla ya daftari nilikuwa na njia mbili tu: kukubali kisha kukopa, au kutopokea simu. Njia ya kwanza ilinitia madeni, na ya pili ilinifanya nijifiche kwa watu ninaowapenda, hadi nikaanza kuona jina la mdogo wangu wa kwa baba mdogo likitokea kwenye simu na tumbo likanikaza kabla hata sijajua anataka nini. Katika mpango mpya niliweka bahasha ya michango yenye shilingi 30,000 kila mwezi, kiasi ambacho mume wangu alikiona kikubwa na mama yangu akakiona kidogo. Mwezi Aprili mdogo wangu huyo alipiga simu.

"Shikamoo dada. Kamati imekupangia laki moja."

"Marahaba, mdogo wangu. Fungu langu la michango mwezi huu ni elfu thelathini, na elfu kumi imeshakwenda msibani. Nakutumia ishirini leo, na siku yenyewe nitawahi kuja kusaidia kupika."

Akanyamaza kidogo. "Sawa dada. Afadhali umesema mapema, wengine wanatuzungusha tu."

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Kwa miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba nikisema sina, nitaonekana nimemkataa mtu. Bahasha ilinipa namna ya kusema "fungu limefikia hapa", na fungu likifikia hapo halijamkataa mtu yeyote, mimi mwenyewe nikiwa miongoni mwao. Kama ningeambiwa nichague faida moja tu ya mwaka mzima, ningeichagua hii, kwa sababu imenirudishia ndugu zangu.

Si wote waliolipokea jambo hilo vizuri. Shangazi mmoja aliniambia kwamba nimesoma hadi nimekuwa na moyo wa benki. Niliandika jina la bahasha, nikaandika kiasi, nikalala.

Jambo jingine nililoliona ni la darasani. Mshahara wetu huingia kuelekea mwisho wa mwezi, na nilikuwa najua kwamba katika siku kumi zinazotangulia nakuwa mkali, nasahau nilipoweka chaki, nasahihisha insha kwa haraka na kuwapa watoto alama ndogo. Nililichukulia kuwa ni uchovu. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, ambao, pamoja na majaribio mengine, uliwapima uwezo wa kufikiri wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, kwanza kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimewaishia, kisha baada ya kuvuna. Watu walewale walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Kichwa kinachobeba hesabu ya ukata hubaki na nafasi ndogo ya kubebea mambo mengine. Nilipousoma nilijiona katika chumba cha walimu, tarehe 18, nikimfokea mtoto aliyesahau kitabu.

Ni lazima niwe mwaminifu kuhusu maana ya utafiti huo kwa bidhaa ninayoitathmini. Kilichowasaidia wakulima wale ni mavuno, yaani fedha halisi, na hakuna daftari linaloota miwa. Linachoweza kufanya ni kuyasogeza mavuno kidogo: shilingi 150,000 iliyoingizwa kwenye fungu la kodi tarehe 25 ilikuwa inanitoa katika Januari ijayo na kunirudisha katika mwezi nilio nao. Ugumu wa siku kumi za mwisho haukwisha. Uligeuka kuwa ugumu wa mchele na nauli tu, bila kodi, sare za shule na harusi kupanda juu yake kwa pamoja, na ugumu wa mchele mtu anaweza kuuzungumza mezani na watoto wakacheka.

Bahasha nazisifu kwa masharti. Nilikuwa na tano: kodi, shule, umeme na maji, michango, na nauli. Karatasi ya kaki huchanika kwenye mdomo baada ya miezi mitatu au minne, na kwa shilingi 200 hakuna anayestahili kulalamika. Tatizo kubwa ni usalama. Kuweka laki kadhaa kabatini katika nyumba ya kupanga kulinifanya nianze kuamka usiku kwa sababu mpya, nikisikiliza mlango, kwa hiyo kuanzia Machi fedha za kodi zilihamia kwenye akaunti ya benki nisiyokuwa na kadi yake, na ndani ya bahasha ikabaki karatasi yenye kiasi kilichoandikwa kwa mkono. Kwa macho yangu ilifanya kazi ileile. Ushauri wangu ni kwamba bahasha zibaki kwa ajili ya fedha ndogo za mwezi, na kila unapotoa fedha kwenye simu uandike makato yake kama matumizi yanayojitegemea, kwa sababu yakikusanywa kwa mwezi yanashangaza.

Bahasha ya umeme ilimaliza ugomvi wa nyumbani ambao ulikuwa umedumu. Mara kwa mara nilikuwa nikinunua umeme wa fedha ileile na kupata yuniti pungufu, nami nilikuwa na hakika kwamba mume wangu anaacha taa na feni usiku. Nilipoandika kila ununuzi kwa miezi mitatu, upungufu ukaonekana daima katika ununuzi wa kwanza wa mwezi. Ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Nilikuwa nimeisikia ilipotangazwa nikaisahau, na kwa muda wote huo feni ndiyo iliyobeba lawama. Nilimwomba radhi mwenye feni, naye akapendekeza tuzungumze na mwenye nyumba, jambo ambalo tulilifanya kwa adabu na bila mafanikio makubwa.

Mume wangu hakulipenda daftari mwanzoni. Kipato chake hushuka wakati wa masika, Machi hadi Mei, ujenzi unaposimama, na kuandika sifuri kwenye safu yake juma baada ya juma kulimuumiza, aliniambia, "Mama, unaniandikia kesi." Alikuwa na haki. Tuliiondoa safu yenye jina lake, tukaweka safu moja ya "kilichoingia" bila kutaja kimetoka kwa nani, na mwezi Juni kazi ziliporudi yeye mwenyewe akapendekeza tutenge fungu la masika ijayo. Wanandoa wanaotaka kujaribu mpango huu waanze na safu moja.

Sasa kibubu. Hiki ndicho nilichokuwa na matumaini nacho zaidi, na ndicho ninachokipa alama ndogo zaidi. Kilikuwa cha dharura, na nilikitumbukizia noti ndogo kila jioni. Usiku mmoja wa Agosti mtoto wetu wa pili alipandwa na homa kali. Bima ya afya ilikuwepo, lakini teksi haipokei bima, na pesa ya simu ilikuwa imekwisha. Tulikivunja kibubu kwa nyundo saa tano za usiku, jirani akagonga ukuta, mtoto akalia zaidi. Ndani mlikuwa na shilingi 86,000. Mtoto alitibiwa tukarudi salama, na bado siku iliyofuata, nilipokuwa nikifagia vipande vya mbao, nilijisikia nimeshindwa, kama mtu aliyekula mbegu. Kibubu kilikuwa kimefanya kazi yake hasa, na umbo lake likanifanya nione nimefanya kosa. Kitu cha akiba ambacho lazima kiharibiwe ili kikufae kina dosari ya usanifu.

Kuhusu hilo upo utafiti wa karibu na kwetu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio walilolifanya nchini Kenya miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu. Baadhi walipewa kisanduku chenye kufuli na ufunguo wake, wengine kisanduku ambacho ufunguo ulikaa kwa ofisa wa mradi. Kupata tu mahali salama pa kuweka fedha, ufunguo ukiwa mkononi mwa mwenyewe, kulitosha kuongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kuzitengea fedha jina la kazi yake kulisaidia hasa pale zilipokuwa za dharura, au kwa watu ambao ndugu na marafiki huwaomba mara kwa mara. Nilipofika hapo nikamkumbuka shangazi yangu na moyo wa benki.

Nilijaribu pia programu moja ya simu ya kupangia bajeti, kwa majuma matatu. Ilikuwa nzuri kwa michoro na ilitaka ruhusa ya kusoma ujumbe wangu wote mfupi kabla haijaniruhusu kuandika bei ya nyanya. Niliifuta. Siwezi kuilaumu teknolojia yote kwa sababu hiyo, lakini simu ileile inayohifadhi bajeti ndiyo inayoleta mikopo ya papo kwa papo, ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Mwalimu mwenzangu aliyekopa kwenye mojawapo ya programu za namna hiyo alidaiwa hadi kupitia namba za wazazi wa wanafunzi zilizokuwa kwenye simu yake, na kwa muhula mzima hakuinua uso katika chumba cha walimu. Karatasi haina namba za watu wangu.

Je, vifaa hivi vinamfaa kila mtu? Hapana. Mtu ambaye kipato chake hakifikii chakula na kodi hatapata nafuu kwa kuandika upungufu wake kwa mistari iliyonyooka. Huyo anahitaji kipato, na kumwambia afanye bajeti ni kumtwisha lawama juu ya njaa. Vilevile mtu ambaye huzuni au wasiwasi wake hauondoki hata fedha zinapokuwepo aende kumwona mtaalamu wa afya ya akili, asisubiri daftari. Vinamfaa mtu wa katikati kama mimi, ambaye fedha zipo kidogo, madai ni mengi, na kichwa kimegeuzwa kuwa benki, ofisi ya madeni na mahakama kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kaunta buku naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa sababu ya mshono. Bahasha nazipa nne. Kibubu cha misumari nakipa mbili. Kwa mwaka huu nimenunua kaunta buku ya kwaya mbili, kurasa 192, bahasha nyingine tano, na nimerudi kwa fundi yuleyule nikamwagiza kisanduku chenye bawaba na kufuli dogo. Aliniuliza kama ninataka ufunguo mmoja au miwili. Nimechukua miwili, mmoja niko nao mimi, mwingine anao baba watoto.